Cheo cha Mwisho cha Bi. Zamda

Iko nchi moja, wala si ya mbali kama mnavyodhani, ambayo jina lake nitalihifadhi kwa sababu watu wake ni wapole na sipendi wasumbuliwe. Barabara zake zina mashimo ya kawaida, mvua zake zinanyesha zinapojisikia, na viongozi wake wanawapenda wananchi mno, hasa redioni. Jambo moja tu linaitenga na nchi mnazozijua nyinyi. Huko hakuna mtu asiyekuwa na cheo, na hakuna cheo kisichokuwa cha Kiingereza.

Msiniulize kwa nini Kiingereza. Waziri wa Utumishi, Mheshimiwa Gaspari Ngwengwe, alikwisha kulieleza hilo bungeni, akaeleweka. "Cheo kikiitwa kwa lugha ya nyumbani," alisema, "watu watakielewa. Na wakikielewa watauliza mwenye nacho anafanya kazi gani. Sasa kwa mwendo huo, waheshimiwa, tutafika wapi?" Wabunge walipiga meza mpaka glasi za maji zikamwagika.

Mambo yalianza na walimu. Walimu waliomba madawati, maana watoto walikuwa wanakaa sakafuni. Serikali haikuwa na madawati, lakini haikuwa na roho mbaya ya kuwarudisha watu mikono mitupu, basi ikawapa neno. Kila mwalimu akawa Senia Ticha. Watoto waliendelea kukaa sakafuni, ila sasa walikaa sakafuni mbele ya Senia Ticha, na Waziri akasema hayo ni maendeleo. Mwaka uliofuata manesi wakaomba glavu, wakapewa Prinsipo. Zimamoto wakaomba gari, wakapewa Ekzekyutivu. Ikagundulika kwamba neno ni kitu kizuri sana cha kugawa: halili mafuta, halitaki spea, wala halipotei bandarini.

Ubaya wake, neno nalo huchakaa. Wote wakishakuwa Senia, Senia ni nani tena? Ndipo ikaundwa Ofisi ya Ugavi wa Maneno, ghorofa ya juu ya wizara, mahali ambapo lifti ilikuwa imekufa, na ndipo alipowekwa Bi. Zamda Kiluwa.

Bi. Zamda alikuwa mama wa makamo aliyekwisha kuyapita makamo, miguu imevimba kwa ngazi za wizara, uso wa upole, sauti ya mtu asiyetaka ugomvi. Kazi yake ilikuwa moja tu: kutafuta katika Kiingereza maneno ya ngazi, hatua, madaraja na vyeo, ayapeleke kwa Waziri. Alipoanza, yalikuwa tele, unaokota tu. Asistanti, Depyuti, Junia, Chifu, Masta, Intamidieti, Advansi. Yale ya vitabuni yalipokwisha, akaanza kutoka. Kwenye trei za mayai akapata Midiamu, Laji na Ekstra Laji, makarani wa mahakama wakavishwa. Kwenye mitumba akapata Ekseli na Dabo Ekseli, wakapewa askari wa barabarani, nao wakakaa nayo vizuri. Kwenye hoteli moja ya watalii akakuta mgeni anaulizwa nyama yake iive kiasi gani, akatoka na Rea, Midiamu Rea na Weldan. Weldan, ile iliyoiva kabisa, akapewa mkuu wa zimamoto. Kwenye kitabu cha wadudu akapata Lava na Pyupa, maneno ya hatua za mdudu kabla hajawa kipepeo. Wabunge wapya wakawa Lava wote, wakashukuru sana, maana hakuna aliyeuliza.

Na lisije likawapita hili: neno jipya halikuondoa la zamani. Liliongezwa. Kila mtumishi alivaa kibao kifuani chenye cheo chake chote, na vibao vile vilianza kama beji za kawaida, vikafika kitovuni, kisha magotini. Wakubwa walipita mlangoni kwa ubavu. Tena ulikuwepo utaratibu, nao ulifuatwa: humwambii mtu neno mpaka umemsomea kibao chake chote, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka. Soko la Mtakuja liliungua likaisha wakati mpiga simu hajafika katikati ya cheo cha mpokea simu. Iliundwa kamati. Kamati ikamkuta mpiga simu na hatia ya kuruka "Asistanti" kwa haraka zake.

Sasa sikieni lililomhusu Bi. Zamda mwenyewe. Sheria ya nchi ile ilisema hastaafu mtu katikati ya ngazi. Anayetaka kustaafu na afike juu kabisa kwanza, maana kuacha cheo njiani ni kukidhalilisha. Sheria nzuri, ukiisoma haraka. Kila msimu watumishi wote walipanda kidato kimoja, na Bi. Zamda alikuwa amebakiza kidato kimoja tu afike juu. Lakini kila msimu lilipatikana neno jipya, likawekwa juu ya yote, na yeye akajikuta amebakiza kidato kimoja. Na neno lile la juu nani alilitafuta? Ni yeye. Asubuhi anapanda, jioni anaijenga ngazi ya kupanda kesho. Alikuwa anajua, jamani, msimwone mjinga. Ila ofisini kwake alikuwepo kijana wake wa kazi, Anselmi, mwepesi kama kiroboto, na asingelileta yeye angelileta Anselmi.

Angevumilia. Watu wangapi wanavumilia? Kilichomchosha ni macho ya mumewe.

Mumewe, Mzee Shomvi, alikuwa fundi saa. Maisha yake yote aliinamia vidude vidogo kuliko punje ya mtama, na macho yakamlipa alivyoyatumia. Kwanza yalimtoka jioni: jua likizama, haoni kitu. Kisha hata mchana akawa anaona penye mwanga mkali tu, tena mbele yake basi, pembeni giza. Wakaenda hospitali. Nesi mwenye kibao cha kufika magotini akawaambia, baada ya kusomewa, kwamba macho ya mzee yako Stej Tu, yaani hatua ya pili, na yakifika Stej Thrii ndiyo basi tena, hakuna dawa.

Walitoka pale, Bi. Zamda kamshika mkono. Walipofika njiani Mzee Shomvi akaanza kucheka peke yake.

"Unacheka nini, Baba Salha?"

"Nacheka macho yangu. Na yenyewe yanapanda cheo! Tena hayangoji msimu."

"Usinichekeshe na mimi nataka kulia."

"Lia, mama, hakuna kibao cha machozi." Kisha akaacha mzaha. "Nikwambie kitu, Mama Salha. Mimi dawa siitaki. Nataka ukae barazani mchana, penye jua, nikuangalie. Unaondoka alfajiri, sikuoni. Unarudi magharibi, sikuoni. Nimekaa na wewe miaka yote hii, sasa hivi nakujua kwa sauti na kwa harufu ya vitunguu. Sura yako inaanza kunipotea."

Mtasema, Jumamosi na Jumapili je? Nchi ile Jumamosi na Jumapili zilikuwa siku za sherehe za kupandishana vyeo, na asiyehudhuria alihesabiwa mwenye wivu. Ruhusa nayo ilikuwepo, ila kuiomba ilibidi uombewe na mtu wa cheo cha juu yako, naye aombewe na wa juu yake, na wa juu kabisa alikuwa Mheshimiwa Ngwengwe, ambaye yeye mwenyewe alikuwa hajaruhusiwa na mtu.

Bi. Zamda alikwenda kazini kesho yake akiwa na wazo. Lilimjia akisikiliza mpira redioni kwa jirani. Kama ngazi haina mwisho, yeye atautafuta mwisho, auweke juu kwa mkono wake. Akaenda mpaka kwa Waziri, akamsomea kibao chake chote, akapumzika, akaeleza.

"Faino?" Waziri alilionja lile neno. "Faino! Lina mlio, mama. Lina mlio wa mamlaka."

"Ndiyo, mheshimiwa. Na juu yake halikai jingine. Wenye lugha yao wakishasema Faino, wamemaliza."

"Sisi ni nchi inayojua kumaliza," alisema Waziri, akapiga muhuri.

Bi. Zamda alirudi nyumbani na nusu kilo ya nyama. Alimwambia mumewe msimu mmoja tu, Baba Salha, sherehe ijayo napanda Faino, keshoye nastaafu. Mzee Shomvi akalisogeza mwenyewe kochi lao la kamba barazani, akaliweka jua linapopiga saa nane, akaweka na mto. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi aliuendea ule mto akaukung'uta vumbi.

Siku ya sherehe ilifika. Uwanja umejaa, bendi inapiga, vibao vinagongana. Bi. Zamda amejipanga kwenye mstari wa wanaovishwa Faino, moyo unamdunda kama bibi harusi. Mheshimiwa Ngwengwe akasimama. Sasa, jambo ambalo Bi. Zamda hakulijua, na angelijuaje, ni kwamba Waziri alikuwa mpenzi wa mpira wa kufa na kuzikana.

"Wananchi," alisema Waziri, "kuna watu waliokuja na mawazo ya kukata tamaa. Wakaniambia Faino ni mwisho. Nikalala nalo, nikaamka nalo. Nikajiuliza, hivi mpira wa fainali ukiisha sare, watu huenda nyumbani? Hawaendi! Kuna Ekstra Taimu!" Uwanja ukalipuka. "Na Ekstra Taimu ikiisha sare?" Uwanja ukajibu wenyewe, kwa sauti moja, "Penati!" Waziri akafuta machozi ya fahari. Ngazi ikaongezeka vidato viwili hapohapo, na Bi. Zamda akavishwa Faino yake akiwa amesimama, kwa sababu hakuwekewa kiti cha kuangukia.

Nyumbani Mzee Shomvi hakumlaumu. Aliuliza tu, "Bado vingapi?" Akaambiwa viwili. Akasema, "Haya," akaurudisha mto ndani usilowe na umande.

Nitawafupishia, maana hata mimi nachoka. Ekstra Taimu ilipita, Penati ikafika. Katika muda ule Bi. Zamda hakupeleka neno hata moja. Waziri akimwuliza, anasema yamekwisha, mheshimiwa, nimepekua. Anselmi naye akapekua, akapekua mpaka kwenye makopo ya rangi na mapipa ya mafuta ya taa, akarudi mweupe. Hofu ikaingia nchini. Wavuvi wa ziwani waliomba boti, Serikali ikakosa cha kuwapa. Ikaendeshwa sala ya kitaifa. Ujumbe mzito ukapelekwa kwa wenye lugha wenyewe, kuomba msaada wa maneno ya dharura. Ukarudi na zawadi ya birika la chai na majibu kwamba hakuna zaidi, tena wenyewe wanatumia machache tu.

Kwa hiyo msimu ule, kwa mara ya kwanza, hakukuongezwa kitu juu. Bi. Zamda akavishwa Penati, akainua uso, akaona hewa tupu. Amefika. Hakulala kwa furaha, na asubuhi akapeleka ombi mbele ya Baraza Kuu la Vyeo.

Baraza lilikaa asubuhi, vibao vimeegemezwa ukutani kwa uzito. Bi. Zamda aliwasomea vyote, mmoja baada ya mwingine, bila kuruka Asistanti hata moja. Alipomaliza koo lilikuwa limemkauka, na mezani hapakuwa na maji ya wageni.

"Sema shida yako, mama," alisema Mheshimiwa Ngwengwe. Uso wake ulikuwa umepungua. Zile siku za ukame wa maneno zilikuwa zimemkondesha kweli, na Bi. Zamda akamwonea huruma kidogo.

"Mheshimiwa, nimefika juu. Naomba nipumzike."

"Kwa Kiingereza, mama. Baraza halipokei ombi kwa lugha nyingine. Unaomba uwe nani?"

Hapo ndipo alipokosea. Au sijui kama ni kukosea. Utaratibu wa Baraza ndio uliotaka hivyo, kila ombi litajwe kwa neno moja la Kiingereza, na yeye kwa miaka yote alikuwa mtu wa kufuata utaratibu. Akalitaja.

"Ritayadi," alisema.

Mjumbe mmoja aliacha kujikuna. Waziri aliinuka taratibu, mikono mezani.

"Rudia."

"Ritayadi, mheshimiwa."

"Hilo," alisema Waziri, "hilo hatuna."

"Hatuna!" alidakia Anselmi kutoka mlangoni, alikokuwa ameshika mafaili. "Mheshimiwa, nimepekua kila mahali, hilo hatuna kabisa!"

Loo! Mngeliona lile Baraza. Watu wazima walikumbatiana. Mjumbe mmoja alilia akamfuta mwenzake machozi kwa makosa. Waziri alizunguka meza akaja akamshika Bi. Zamda mikono yote miwili.

"Mama! Ulikuwa umetufichia hili mpaka dakika ya mwisho! Ritayadi! Sikilizeni lilivyo na utulivu. Lina mvi ndani yake. Senia Prinsipo Ekzekyutivu Ritayadi! Wavuvi tutawapa hili wiki hii hii."

"Mheshimiwa, hukunielewa. Si cheo. Maana yake mtu aliyeacha kazi."

"Maana!" alisema Waziri kwa upole, kama mtu anayemtuliza mtoto. "Mama Zamda, wewe wa kuniambia habari za maana? Wewe uliyetuletea Weldan?"

Bi. Zamda akaivuta mikono yake.

Wakamvisha palepale, wa kwanza katika taifa. Kibao kilikuwa kimefika vifundoni, ikabidi neno jipya liandikwe juu, chini ya kidevu. Waziri akasoma masharti. Afisa Ritayadi ataripoti ofisini saa moja na nusu kila siku. Kwa heshima ya cheo chake hatapewa kazi yoyote, ila atakuwepo. Jumamosi na Jumapili atakaa jukwaa la mbele. Na je, akikataa? Anayekataa cheo anarudi Trenii, kidato cha chini kabisa, aanze kupanda upya, sheria ndivyo inavyosema.

"Na juu ya Ritayadi?" aliuliza Bi. Zamda. "Kuna nini juu yake?"

"Usiwe na wasiwasi," alisema Waziri. "Tunakutegemea wewe."

Wakampa mapumziko ya siku ile iliyobaki kwa ajili ya furaha. Akashuka ngazi za wizara ubavuubavu, kibao kinagonga kila kidato. Njiani watu walimpisha. Wengine walianza kumsomea wamsalimu, naye akapita kabla hawajafika mbali, kosa ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Hasira alizitafuta moyoni akazikosa. Alichokikuta ni uchovu mtupu, na nyuma ya uchovu, jua. Hakuwa ameona mtaa wao mchana wa siku ya kazi tangu Salha wake alipokuwa ananyonya.

Mzee Shomvi alikuwa barazani. Kochi la kamba lilikuwa mahali pake, na mto juu yake. Alizisikia nyayo akageuza shingo.

"Mama Salha? Umerudi mchana?"

"Nimerudi."

"Ina maana umestaafu!" Aliinuka nusu, mikono inapapasa hewa. "Kaa, kaa hapo penye jua. Usiseme kitu kwanza. Niache nikuangalie."

Bi. Zamda akakivua kile kibao, akakiegemeza ukutani, akakaa kwenye mto. Jua lilikuwa kali, la saa nane, kama walivyopanga. Mzee Shomvi akaangalia. Aliangalia sana, anatabasamu, na macho yake yalikuwa yameelekea kwenye nguzo ya baraza, panapotundikwa taa.

"Hujabadilika," aliiambia ile nguzo. "Sura ni ileile. Hata lile kovu la juu ya nyusi."

Bi. Zamda akainuka polepole, kochi lisilie, akasogea, akasimama mbele ya nguzo, mahali yale macho yalipokuwa yanaangalia. Akasimama hapo.

"Baba Salha," alisema baadaye, "wamenipa kustaafu. Wamekifanya cheo. Kesho saa moja na nusu naripoti."

Uso wa Mzee Shomvi ulishangaa kidogo, kwa sababu sauti ilitoka pale alipokuwa anaangalia. Akanyoosha mkono, akamgusa shavu, akalikuta lina maji. Akalitafuta kovu juu ya nyusi kwa kidole cha fundi saa, akalipata bila taabu.

"Basi macho yangu yamekutangulia, mama," alisema. "Yenyewe yalistaafu juzi. Wala hayakumwomba mtu."